Kurekodi Televisheni ya HD kwa Kipokezi cha USB Mombasa: Dalili, Sababu na Tiba

Malalamiko ya watu walionunua kipokezi cha USB ili warekodi televisheni kwenye kompyuta yanafanana sana. Wa Likoni hapati chaneli hata moja. Wa Bamburi anazipata zote, lakini jua likizama picha inavunjika miraba miraba. Wa Majengo amerekodi mechi na faili likakatika kipindi cha pili. Karibu kila mmoja ameambiwa kipokezi chake ni kibovu, na wengine wamekwisha kununua cha pili kikawafanyia yale yale.

Mara nyingi kipokezi hakina kosa. Mawimbi hushikwa na antena, yakashuka kwa kebo, yakaingia kwenye kipokezi, programu ikayapokea na diski ikayahifadhi. Hitilafu yaweza kuwa popote katika njia hiyo, na watu wengi huanza kuitafuta mwishoni: wanabadilisha programu tatu nne ilhali maji ya mvua yamo ndani ya kebo. Jambo hili linaniuma kwa sababu matangazo mengi ya moja kwa moja hayarudiwi. Ukitaka kubaki na swala ya Idd iliyotangazwa, au mahojiano ya shangazi yako, ni wakati ule ule au basi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, fanya majaribio mawili.

La kwanza, chomoa kebo ya antena kwenye kipokezi uichomeke kwenye king'amuzi au televisheni ya kidijitali. Picha ikiwa mbovu huko pia, iache kompyuta kabisa. Tatizo liko kwenye antena au kebo. La pili, kama umeshapata faili lenye kasoro, licheze mara mbili. Likiganda pale pale kila mara, tuseme dakika ya 12 na sekunde 40, basi kasoro imeandikwa ndani ya faili na wa kutafutwa ni mawimbi, umeme au diski. Likiganda mahali tofauti kila ukilicheza, faili ni zima, na kinachoshindwa ni kompyuta inayolicheza. Ukishajua hayo mawili umepunguza kazi zaidi ya nusu.

Hakipati chaneli hata moja

Sababu inayoongoza: kipokezi ni cha DVB-T, kizazi cha kwanza cha televisheni ya kidijitali ya antena, na Kenya inarusha DVB-T2. Tulipozima analogi mwaka 2015 nchi ilibaki na kizazi hiki cha pili, na kipokezi cha kizazi cha kwanza hakiwezi kukisoma. Hakuna draiva wala programu ya kukigeuza, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na chipu yenyewe. Vile vijiti vidogo vyeusi vya bei nafuu vyenye chipu ya RTL2832U na R820T, ambavyo kifuniko chake kimeandikwa "HDTV" kwa herufi kubwa, ni vya DVB-T peke yake. Maneno HDTV hayakuambii kitu. Tafuta herufi T2 kwenye boksi, na usipoziona muulize muuzaji chipu ni ipi. Ukisikia Si2168 ya Silicon Labs au CXD2837ER ya Sony, hizo husoma T2. Muuzaji asiyejua akubali ukijaribu dukani. Asiyekubali, nenda duka la pili.

Ya pili ni busta, yaani kikuza mawimbi, kukosa umeme, na hii huwachanganya hata mafundi. Antena nyingi zinazouzwa hapa mjini zina busta ndani yake, na king'amuzi huipelekea umeme wa volti 5 kupitia kebo ile ile ya antena. Ukihamisha kebo kwenda kwenye kipokezi cha USB, umeme ule unakatika, maana vipokezi vingi vya USB havitoi umeme kwenye tundu la antena. Busta isiyo na umeme huzuia mawimbi badala ya kuyakuza. Matokeo yake king'amuzi kinaonyesha chaneli zote, kipokezi hakionyeshi hata moja, na mtu anaapa kwamba kipokezi kimekufa. Tiba ni adapta ya busta inayoingia katikati ya kebo, au antena isiyo na busta kama uko karibu na mtambo wa kurushia. Adapta iwe na volti zilizoandikwa kwenye busta yako: kuna za volti 5 na kuna za 12, na ukiikosea waweza kuiunguza.

Ya tatu ni mipangilio ya kutafuta chaneli. Programu nyingi huuliza uko nchi gani, na Kenya mara nyingi haimo kwenye orodha. Usichague nchi kwa kubahatisha, weka mwenyewe. Aina iwe DVB-T2, upana wa mkondo (kipande cha masafa kinachobeba chaneli kadhaa) MHz 8, na masafa kati ya MHz 470 na 694. Mkondo wa 21 uko MHz 474, na kila unaofuata unaongeza 8, hadi wa 48 ulioko MHz 690. Kama king'amuzi chako kinakuonyesha namba ya mkondo, ingiza hiyo moja kwanza badala ya kutafuta yote. Ikikubali, mengine yatafuata.

Ukishapita hapo, kagua kile kiunganishi chembamba kinachotoka kwenye kipokezi kwenda kwenye kebo nene. Ni dhaifu, na kebo ikining'inia kwa uzito wake hukivuta mpaka kikaachia. Kishike kwa vidole, kitikise kidogo huku ukitazama kipimo cha mawimbi kwenye skrini. Kipimo kikipanda na kushuka, umempata mkosaji.

Mwisho ni draiva. Kwenye Windows, fungua Device Manager uone kama kuna alama ya njano. Aliyewahi kukigeuza kipokezi hicho hicho kuwa cha redio kwa Zadig, programu ya kubadilisha draiva, atakuta draiva ya televisheni imeondolewa; airudishe ya mtengenezaji. Kwenye Linux, chomeka kipokezi kisha andika dmesg kwenye terminal. Ukiona mstari unaolalamikia faili la dvb-demod-si2168-b40-01.fw, kinachokosekana ni hilo. Lipate, liweke ndani ya /lib/firmware, uwashe upya. Mambo yakiwa sawa utaiona folda /dev/dvb/adapter0.

Chaneli zinaorodheshwa lakini nyingine ni giza

Hizo ni za kulipia. Kampuni za televisheni ya kulipia zinazorusha kwa antena hapa Kenya hutumia DVB-T2 hiyo hiyo, kwa hiyo kipokezi kitaziona majina, lakini picha imefungwa na hufunguliwa na king'amuzi chao chenye usajili. Rekodi yake itakuwa faili kubwa lisilochezeka. Chagua kwenye programu yako ionyeshe chaneli za bure tu, na ukiuziwa programu ya "kufungua" usiipokee: ni wizi, na mara nyingi ni virusi.

Picha inaganda, inavunjika miraba, sauti inakatikakatika

Hapa ndipo pana kazi, na hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na bara.

Elewa kwanza tabia ya mawimbi ya kidijitali. Analogi ilipodhoofika ilikupa chenga, nawe ukaendelea kutazama. Kidijitali hukupa picha safi kabisa hadi mawimbi yanapofika ukingoni, kisha hukatika ghafla. Ndiyo maana mtu husema "jana ilikuwa nzuri, leo imeharibika" wakati ukweli ni kwamba kwa miezi mingi alikuwa ukingoni bila kujua. King'amuzi kizuri huvumilia zaidi, kwa hiyo kipokezi cha USB ndicho huanza kulalamika.

Anza na kebo, kwa sababu chumvi ya bahari huanza nayo. Shusha ncha ya kebo iliyoko juu kwenye antena, kata sentimita mbili, uivue ganda. Waya wa katikati unatakiwa kung'aa, na wavu unaouzunguka uwe na rangi ya chuma safi. Ukiona kijani kwenye shaba, au wavu umekuwa mweusi na unakatika ukiugusa, maji ya chumvi yameshaingia. Endelea kukata sentimita kumi kumi mpaka ufikie pasafi. Ikifika mita moja na bado ni nyeusi, acha kukata ununue kebo mpya: maji husafiri ndani ya wavu kama mafuta kwenye utambi, na hutajua yamefika wapi. Nunua RG6 ya ohmu 75 yenye shaba ya kutosha. Mita 20 za kebo hiyo hupoteza takriban desibeli 3 hadi 4, na nyembamba za bei rahisi hupoteza zaidi.

Unapofunga kebo mpya, kiungo cha juu ukizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe; tepu ya umeme ya kawaida hulegea kwa jua la hapa. Kisha iache kebo ining'inie kidogo chini ya kiungo kabla ya kupanda ukutani, ili maji ya masika yadondoke pale chini yasifuate kebo hadi ndani. Vijiti vya aluminiamu vikiwa na unga mweupe kwenye skrubu, vifungue, visugue kwa msasa laini, ufunge upya. Skrubu ya chuma cha kawaida ikigusana na aluminiamu kwenye hewa ya chumvi huliwa haraka, hasa Nyali, Shanzu na nyumba zote zinazotazama bahari.

Sababu inayofuata ni uelekeo. Upepo wa kusi huanza mwezi wa nne na unaposhika nguvu huizungusha antena iliyofungwa kwa waya badala ya klampu. Usijisumbue na kubahatisha: tazama antena za majirani zenye picha nzuri zimeelekea wapi, na zimelala au zimesimama. Kama vijiti vyao vimelala na vyako vimesimama, au kinyume chake, umepoteza sehemu kubwa ya mawimbi kwa hilo tu. Mtu mmoja azungushe polepole, mwingine asome kipimo kwenye kompyuta na kumpigia kelele. Zungusha kidogo, subiri sekunde tano, ndipo usome, kwa sababu kipimo huchelewa.

Kuta za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na ni nene. Antena ya ndani huko ni kazi bure, hata ikiwa na busta. Vivyo hivyo chini ya paa la mabati. Kama huwezi kupanda paani, iweke dirishani upande wa mtambo. Minazi nayo ina shida yake: makuti yakipeperuka mbele ya antena, mawimbi hupanda na kushuka, na picha huvunjika kila upepo unapovuma. Inua antena ipite vilele vyake, au isogeze mita mbili tatu kando.

Kuna pia mawimbi kuzidi, jambo ambalo watu hawaliamini. Uko karibu na mtambo, una antena kubwa, umeongeza busta: kipokezi kinazidiwa na picha inavunjika vile vile kama ya aliye mbali. Zima busta, iondoe kabisa kwenye njia, unganisha kebo moja kwa moja. Picha ikitengemaa, pesa ya busta umeokoa. Fundi mwenye mita atakuambia namba: kati ya desibeli 45 na 70 za mikrovolti kwenye ncha ya kebo ni mahali pazuri.

Kigawanyaji nacho kisisahaulike. Cha njia mbili hula takriban desibeli 3.5 kwa kila upande, na mara nyingi kimefichwa nyuma ya kabati tangu mpangaji aliyepita.

Kama picha huvunjika saa za jioni tu, hasa siku za joto zisizo na upepo, usivunje antena yako. Hewa ya joto ikitanda juu ya ile ya baridi iliyo karibu na bahari, mawimbi ya mitambo ya mbali husafiri juu ya maji kwa umbali usio wa kawaida na kugongana na ya kwako. Hali hiyo huja na kuondoka yenyewe. Antena yenye vijiti vingi, inayosikiliza upande mmoja tu, husaidia. Busta huzidisha, kwa kuwa hukuza na adui pia.

Na kama imeanza ghafla baada ya mnara wa simu kusimamishwa karibu nawe, fikiria 4G. Masafa ya MHz 800 yako jirani na ya televisheni na busta huyameza yote. Kichujio cha 4G huwekwa kabla ya busta. Ukikiweka baada yake hakina faida.

Ndani ya chumba, angalia kompyuta yenyewe. Matundu ya USB 3, ambayo mara nyingi ni ya buluu, na diski za nje zinazoyatumia, hutoa kelele ya redio. Kipokezi kilichochomekwa bega kwa bega na diski hiyo hupokea kelele kuliko televisheni. Tumia kebo fupi ya kuongezea ya USB, kisogeze nusu mita, ukichomeke kwenye tundu la USB 2. Kasi yake ya megabiti 480 kwa sekunde inatosha na kubaki, kwani mkondo mzima wa DVB-T2 haupiti megabiti 50 hivi.

Simama hapa na uite fundi wa antena ikiwa paa ni la mabati ya zamani au la mwinuko mkali, ikiwa nguzo ya antena ikianguka inaweza kufikia nyaya za stima, au kama mvua imenyesha. Ikiwa unakaa ghorofani na antena ni ya jengo zima, usifungue boksi la ukutani; mwite msimamizi, kwa sababu ukikosea utawakatia jengo zima. Na zaidi ya yote: ukigusa ncha ya kebo ya antena ukahisi mtetemo au kuchomwa kidogo, iache, zima vifaa kwenye soketi, usiendelee. Ni dalili ya umeme kuvuja kutoka kwenye kifaa kimojawapo au ya nyumba isiyo na waya wa ardhi. Hiyo ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, wala si ya fundi wa televisheni.

Rekodi inakatika katikati

Kama inakatika kila mara kwenye ukubwa ule ule, karibu na GB 4, jibu ni moja: flashi au diski yako imepangwa kwa FAT32, na mpango huo haukubali faili moja kuzidi kiasi hicho. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chaneli ya HD ya megabiti 8 kwa sekunde hula megabaiti 1 kila sekunde, yaani GB 3.6 kwa saa. Faili litajaa dakika ya 71. Ukianza kurekodi dakika 10 kabla ya mpira, litakatika kipindi cha pili ndiyo kwanza kimeanza. Ndiyo sababu lalamiko la "kipindi cha pili" ni la kila mtu.

Hamisha ulivyo navyo kwenye diski nyingine kwanza, kisha ipange upya kwa NTFS kama unatumia Windows pekee, au exFAT kama itapita kwenye vifaa tofauti. Kupanga upya hufuta kila kitu. Soma jina la diski mara mbili kabla ya kubonyeza.

Kama inakatika kwa muda usiotabirika, angalia nafasi iliyobaki, halafu usingizi wa kompyuta. Laptopu nyingi hulala baada ya nusu saa zisipoguswa, na programu nyingine hazijui kuizuia. Weka isilale ikiwa kwenye chaji, na kufunga kifuniko kusiifanye chochote. Zima pia ule mpangilio wa Windows unaolaza matundu ya USB ili kuokoa betri.

Diski inayokufa nayo hukata rekodi. Ukisikia inagonga tik tik tik, iache kuandikia mara moja na nakili vilivyomo. Ikiwa ndani yake kuna picha za familia zisizo kwingine, usijaribu programu za kurekebisha. Ipeleke kwa fundi wa kuokoa data bila kuiwasha tena.

Kipokezi kinapotea katikati ya kazi

Kompyuta inatoa ule mlio wa kuchomoa, chaneli zinatoweka, ukichomoa na kuchomeka zinarudi. Hapo ni umeme au joto.

Tundu la USB 2 hutoa miliampia 500. Kipokezi na diski ya nje vikinywa kutoka kisambazaji kimoja cha USB kisicho na adapta yake, kimoja kitaanguka, na mara nyingi huwa kipokezi. Tumia kisambazaji chenye adapta. Kwa wanaorekodi kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, alama ya radi ya njano juu ya skrini ina maana umeme hautoshi. Chaja ya simu ya kuokoteza haitaiweza, tafuta adapta yake ya volti 5.1.

Joto la hapa halisamehe. Kipokezi hupata moto hata chumba kikiwa baridi, na chumba cha Kisauni mwezi wa pili saa nane mchana si baridi. Kikiwa nyuma ya televisheni hakipati hewa. Kitoe kwa kebo ya kuongezea, kiache wazi. Kikiwa cha moto kiasi cha kushindwa kukishika, au kikinuka plastiki, kichomoe na usikitumie tena.

Imerekodi kipindi kisicho chake

Taarifa ya saa moja usiku imewekwa, umepata kipindi cha saa nne. Tofauti ya saa tatu kamili ni ya majira: kompyuta iko kwenye UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko UTC+3. Weka eneo la Nairobi kwenye mipangilio ya saa, kisha uifungue upya programu. Kama saa ya kompyuta ni sahihi lakini ratiba ya vipindi imesogea, kosa liko kwenye ratiba inayorushwa. Baadhi ya programu zina mahali pa kusahihisha kwa kila chaneli.

Tofauti ikiwa saa sita, umeandika saa tunavyoisema nyumbani. Kwa programu, saa moja usiku ni 19:00 na saa tatu ni 21:00.

Ongeza dakika 5 mwanzo na 15 mwisho. Mahojiano na mechi hazifuati ratiba. Stima ikipotea mara kwa mara mtaani kwenu, laptopu yenye betri nzima ni bora kuliko kompyuta ya mezani, lakini kumbuka na busta nayo inahitaji umeme: betri itailinda kompyuta, antena ibaki kiziwi. Iweke adapta ya busta kwenye UPS (betri ya akiba) pia.

Picha iko, sauti hakuna. Au picha ina mistari

Jaribu kichezaji cha VLC kabla ya chochote. Chaneli nyingine hurusha sauti kwa mfumo ambao vichezaji vya kawaida havina, na simu nyingi hukataa faili la .ts. Likichezeka vizuri kwenye VLC, faili ni zima. Libadilishe gamba na mfumo wa sauti kwa amri hii ya programu ya ffmpeg, ambayo haigusi ubora wa picha:

ffmpeg -i mechi.ts -c:v copy -c:a aac mechi.mp4

Mistari kama meno ya kitana kwenye vitu vinavyokimbia inatokana na matangazo ya 1080i, yanayotuma nusu nusu ya picha kwa zamu. Bonyeza herufi D kwenye VLC. Sauti ikitangulia au ikichelewa, J na K huisogeza. Lakini ikiwa inazidi kuachana na picha kadiri muda unavyokwenda, vipande vilipotea hewani. Rudi kwenye sehemu ya antena.

Inaitwa HD, lakini si kali

Fungua VLC, bonyeza Ctrl na J, usome ukubwa. 1920×1080 au 1280×720 ni HD. 720×576 si HD, hata nembo ya chaneli ikisema nini. Kipokezi huhifadhi kile kilichorushwa, hakiongezi wala kupunguza, na si kila stesheni hurusha kwa HD. Kama umepima na ni 1080 lakini uwanja wa mpira unaonekana kama rangi iliyopakwa kwa kidole, stesheni imeibana picha sana ili chaneli nyingi ziingie kwenye mkondo mmoja. Hilo huwezi kulitibu nyumbani.

Ukiamua kumwita fundi

Usimwambie "haishiki". Mpe jina la chaneli na mkondo wake, saa inapoharibika, na picha ya kipimo cha mawimbi uliyoipiga wakati imeharibika. Wanaotumia programu ya kurekodi ya Tvheadend wafungue ukurasa wake kwenye kivinjari, mlango (port) wa 9981, sehemu ya hali, wamwonyeshe safu ya makosa yasiyosahihishika: ikiongezeka, tatizo liko kabla ya kompyuta, ikibaki sifuri huku rekodi ikiharibika, kumwita wa antena ni kupoteza nauli yake. Kata dakika moja ya faili lenye kasoro umhifadhie kwenye flashi. Na umuulize kabla hajaondoka kwao kama ana mita ya DVB-T2, kwa sababu anayekuja na televisheni ndogo mkononi atakuambia lile lile unalolijua.